Mke aliyetundikwa: Somo la kisa cha Anna Karenina kwa nyumba zetu

Katika kurasa hizi za familia tumezoea kuzungumzia malezi, mirathi na adabu za ndoa. Wiki hii tunaomba ruhusa ya msomaji tuzungumzie filamu. Filamu zimekwisha kuingia majumbani mwetu, tuwe tumezikaribisha au hatukuzikaribisha, na iko moja ambayo kisa chake kinagusa jambo tunalokutana nalo mara kwa mara sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti ya mjini. Jambo hilo ni mke ambaye mumewe hakai naye kwa wema wala hamwachi kwa wema.

Kisa hicho ni cha Anna Karenina, riwaya ya mwandishi wa Kirusi Leo Tolstoy iliyotoka kwa mafungu katika jarida kuanzia mwaka 1875 hadi 1877. Tangu zama za filamu zisizo na sauti, kisa hiki kimetengenezewa filamu mara nyingi, Marekani, Uingereza, Urusi na hata katika nchi ya Kiislamu ya Misri. Inayojulikana zaidi kwa vijana wa leo ni ile ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Mwingereza Joe Wright, ambamo Keira Knightley ni Anna na Jude Law ni mumewe. Wengi huitazama kwa ajili ya mavazi na majumba ya fahari, na kweli ilipata tuzo ya Oscar ya ubunifu wa mavazi. Sisi tunaitazama kwa jicho jingine.

Filamu ilivyofika sebuleni

Wazee waliokulia Kariakoo, Ilala na Upanga wanakumbuka majumba ya sinema ya Empire, Avalon na Empress kule mjini, na Amana ya Ilala. Familia zilivaa vizuri zikaenda kutazama filamu za Kihindi, na baba alijua mkewe na watoto wake wanaangalia nini, kwa sababu alikaa nao kiti kwa kiti. Zanzibar ilikuwa na majumba yake, na huko filamu za Misri zilipendwa kwa nyimbo zake na kwa kuwa watu wake walifanana na sisi kwa dini na desturi.

Kisha ikaja mikanda ya video, vikaja vibanda umiza, wakaja na wafasiri, mashuhuri wao akiwa marehemu Lufufu, waliochukua filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Leo kijana anaingia katika kiduka cha Kariakoo na flashi yake, anajaziwa filamu kwa bei ndogo, na jioni binti anaitazama simuni, peke yake, akiwa amejifunika shuka.

Hapo ndipo tunapotaka wazazi watie akili. Filamu ya mapenzi inapotazamwa peke yake, bila mtu mzima wa kuuliza swali, hubakia machozi na muziki tu. Msimulizi naye, akitaka kuchekesha, anaweza kukigeuza kisa kizito kuwa mzaha wa mchepuko. Mtazamaji hulala akiwa amejifunza kwamba mapenzi ni moto usiozuilika, wala hajajiuliza ni nani aliyeukusanya mkaa.

Tuongeze hili kwa uwazi: filamu ile ya mwaka 2012 ina mandhari ya faragha yasiyofaa kwa watoto, wala hatuielekezi kwa vijana. Kisa chake, hata hivyo, mzazi anaweza kukisimulia mwenyewe, nasi tunakisimulia hapa kwa ajili hiyo.

Msuluhishi aliyekosa msuluhishi

Anna ni mke wa Karenin, ofisa mkubwa wa serikali mjini St Petersburg, mtu aliyemzidi kwa miaka kama ishirini. Wana mtoto mmoja wa kiume, Seryozha. Riwaya haianzi nyumbani kwao. Inaanza Moscow, nyumbani kwa kaka yake Anna aitwaye Stiva, ambaye mkewe Dolly amegundua kwamba mumewe amekuwa na uhusiano na mwanamke aliyekuwa mwalimu wa watoto wao. Nyumba imevurugika, chakula hakipikwi kwa utaratibu, watoto wanazurura. Stiva anamwita dada yake aje kusuluhisha.

Anna anasafiri kwa treni, anakaa na wifi yake, anamsikiliza, analia naye, na suluhu inapatikana. Msomaji Mwislamu hapa atakumbuka Suratun Nisaa, aya ya 35, ambapo Mwenyezi Mungu anatuamrisha tunapohofia mfarakano baina ya mume na mke tupeleke mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Anna alifanya kazi ya mwamuzi, na aliifanya vizuri.

Lakini ni katika safari hiyohiyo, kituoni, ndipo anapokutana na Vronsky, ofisa kijana wa jeshi la farasi. Anarudi St Petersburg akiwa na jambo moyoni, na kijana anamfuata. Mumewe anaona. Na anapozungumza na mkewe, jambo kubwa analolitaja ni watu watasemaje. Heshima yake na sura ya nyumba mbele ya wakubwa wenzake ndivyo vinavyomshughulisha. Hamuulizi mkewe ana nini wala hawaiti wakubwa wa pande mbili. Mwanamke aliyevuka nchi kwenda kusuluhisha nyumba ya kaka yake hakupata mtu wa kuja kusuluhisha ya kwake.

Yaliyofuata yanajulikana. Anna alizini, akazaa mtoto wa Vronsky, akaugua karibu ya kufa, akasamehewa na mumewe kitandani, kisha akaondoka na Vronsky kwenda Italia. Waliporudi, jamii iliyokuwa ikimpigia magoti ikamfungia milango. Alipokwenda kwenye jumba la maonyesho alidhalilishwa mbele za watu. Vronsky aliendelea kupokelewa popote. Stiva naye, mzinzi tangu ukurasa wa mwanzo, aliendelea kula na kunywa na kuchekewa na kila mtu hadi mwisho. Anna akabaki ndani, akawa na wivu, akawa na shaka, na mwisho akajirusha chini ya treni.

Joe Wright alilionyesha hili kwa njia ya werevu: sehemu kubwa ya filamu yake inafanyika ndani ya jumba la maonyesho, kana kwamba wakubwa wale hawaishi bali wanaigiza mbele ya watazamaji. Mtaani kwetu jukwaa hilo ni kibaraza na kundi la WhatsApp. Mwanamke akiteleza, habari zake hufika Mbagala kabla ya adhana ya Ishaa. Mwanamume akiteleza, huambiwa ni mambo ya kiume. Qur'ani, katika Suratun Nuur aya ya 2, imewataja mzinifu wa kike na mzinifu wa kiume kwa hukumu moja, na katika aya ya 4 imewawekea adhabu wanaowasingizia wanawake watwaharifu bila ya mashahidi wanne. Mizani ya Mola wetu haina upande wa kiume unaoelea.

Mto wa Mapenzi wa Misri

Waislamu wana njia nyingine ya kukifikia kisa hiki. Mwaka 1960, mwongozaji wa Kimisri Ezz El-Dine Zulficar alitoa filamu ya "Nahr al-Hubb", yaani Mto wa Mapenzi, iliyochukua kisa cha Tolstoy na kukipanda Misri. Mwigizaji Faten Hamama ni Nawal, binti aliyeolewa na Taher Pasha, mtu mzima mwenye mali na cheo, ili kumnusuru kaka yake. Omar Sharif, ambaye wakati huo alikuwa mume wa Faten Hamama na ambaye miaka mitano baadaye aliigiza katika filamu nyingine ya riwaya ya Kirusi, "Doctor Zhivago", ni Khalid, ofisa wa jeshi. Taher Pasha, aliyeigizwa na Zaki Rostom, anakataa kumwacha mkewe. Khalid anakwenda kwenye vita vya Palestina vya mwaka 1948 na anafia huko. Nawal, kama Anna, anaishia relini.

Tunaitaja filamu hii kwa sababu inatuondolea udhuru. Ukimtazama Karenin unaweza kusema, hayo ni ya Makafiri wa Urusi. Ukimtazama Taher Pasha, huwezi. Yeye anaishi katika nchi ya Al-Azhar, na ndoa yake imefungwa kwa sharia tunayoijua. Na bado alimfunga mke kwa kamba ileile.

Faten Hamama hakuishia hapo. Mwaka 1975 aliigiza katika "Uridu Hallan", yaani Nataka Ufumbuzi, filamu iliyoongozwa na Said Marzouk, kuhusu mke anayezunguka mahakamani miaka kwa miaka akidai talaka na mwisho akashindwa kesi. Filamu hiyo ilizusha mjadala mkubwa Misri. Mwaka 1979 sheria ya familia ya nchi hiyo ilirekebishwa, na mwaka 2000 ikapitishwa sheria nyingine iliyomwezesha mke kujivua katika ndoa kwa khului mbele ya mahakama, kwa kurudisha mahari.

Wala haya hayakuanza na waigizaji. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, alitetea kuchukuliwa kwa rai za madhehebu ya Imamu Malik ili kadhi aweze kumtenganisha mke anayedhuriwa, na sheria za Misri za mwaka 1920 na 1929 zilipita katika njia hiyo. Sheikh Abduh huyo ndiye aliyemwandikia barua Tolstoy mwaka 1904, na Tolstoy naye aliandika kwa heshima kisa cha shujaa wa Kiislamu wa milima ya Caucasus, Hadji Murat, kilichochapwa mwaka 1912 baada ya kufa kwake. Watu hawa wawili, Mufti na mwandishi, kila mmoja kwa njia yake, walitazama mlango mmoja uliofungwa.

Mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa

Katika Urusi ya Anna, ndoa ilikuwa mikononi mwa Kanisa la Kiorthodoksi, na talaka ilikuwa karibu haipatikani. Sababu kubwa iliyokubaliwa ni uzinzi uliothibitishwa kwa mashahidi wa macho, na aliyepatikana na hatia alizuiwa kuoa au kuolewa tena. Mke hakuweza kupata hati ya kuishi mbali na mumewe bila ya idhini ya mume. Mtoto alibaki kwa baba. Seryozha aliambiwa mama yake amekufa. Siku ya kuzaliwa kwake Anna aliingia nyumbani kwa kuiba, akamkumbatia mwanawe, akatoka mbio mumewe alipokaribia, na alipofika alikofikia akakuta vile vichezeo alivyomnunulia mtoto bado viko mikononi mwake. Alikuwa amesahau kumpa.

Na ombi la mwisho la talaka liliamuliwaje? Karenin, akiwa chini ya ushawishi wa mwanamke mmoja mcha dini wa kujionyesha, alitegemea maneno ya mtabiri wa Kifaransa aliyesema akiwa usingizini. Ndoa ya watu na maisha ya mtoto yakaamuliwa na kahini. Wenye masikio ya kusikia yanayotendeka vichochoroni mwetu, ambako mume au mke hupeleka jina la mwenzake kwa mganga kabla hajalipeleka kwa mzee wa ukoo, hawatasema hilo ni la mbali.

Sasa tutazame tulichopewa sisi. Katika Jahiliya mume aliweza kumwambia mkewe kwamba yeye kwake ni kama mgongo wa mama yake, akamwacha si mke wala si mtalikiwa. Khawla bint Tha'laba alitendwa hivyo na mumewe, akaenda kwa Mtume (s.a.w) kulalamika, na Mwenyezi Mungu akateremsha Suratul Mujaadila, akatujulisha katika aya yake ya kwanza kwamba maneno ya mwanamke yule ameyasikia. Msomaji atafakari: sura nzima imepewa jina la mke aliyejadiliana kwa ajili ya haki yake.

Mume aliyeapa kutomkaribia mkewe amewekewa mpaka wa miezi minne katika Suratul Baqara, aya ya 226. Hana ruhusa ya kuuvuta muda atakavyo. Aya ya 231 ya sura hiyohiyo inakataza kumzuia mke kwa nia ya kumdhuru. Na Suratun Nisaa, aya ya 129, inakataza kumwacha mke kama kitu kilichotundikwa, kisichogusa ardhi wala kufika mbinguni. Hatujapata kuona neno linaloieleza hali ya Nawal na Anna vizuri kuliko hilo.

Kisha kuna khului. Imamu Bukhari amepokea habari ya mke wa Thabit bin Qays aliyekuja kwa Mtume (s.a.w) akieleza kwamba hana lawama juu ya dini wala tabia ya mumewe, ila hawezi kuendelea naye na anachelea kuingia katika kufuru ya neema. Mtume hakumgombeza wala hakumwambia avumilie mpaka kaburini. Alimuuliza kama atarudisha shamba alilopewa kuwa mahari. Alipokubali, Thabit akaamrishwa alipokee na amwache. Ni kweli kwamba wanazuoni wengi wanashurutisha ridhaa ya mume katika khului, na hatuko hapa kuwasahihisha. Lakini wanazuoni haohao wameweka pia faskhi, kuvunjwa ndoa na kadhi kwa sababu kama mume kushindwa kutoa matumizi, na wengine wamempa kadhi mamlaka pale madhara yanapothibiti. Mlango upo, nao una zaidi ya kitasa kimoja.

Wala isidhaniwe kwamba Uislamu hauyajui maumivu ya mapenzi. Barira, alipoachwa huru kutoka utumwani, alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye, akachagua kuachana. Mughith alimfuata katika njia za Madina, machozi yakitiririka hadi ndevuni. Mtume (s.a.w) alimhurumia, akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni maombezi tu. Akasema hana haja naye, na likaisha. Hakuna filamu ya mapenzi iliyotengenezwa yenye machozi ya kweli kuliko yale, na hakuna aliyekufa relini, kwa sababu palikuwa na mlango.

Matajiri wapya wenye moyo wa Pasha

Tunaohudumu misikitini tunayaona haya baada ya sala ya Alasiri, pale mwanamke anapopiga hodi akiwa na bahasha ya cheti cha ndoa. Hatutamtaja yeyote, wala visa hivi si vya mtu mmoja.

Yuko mume mfanyabiashara ambaye safari zake za kufuata mzigo Dubai na Guangzhou zimekuwa ndefu, amefungua nyumba nyingine, na kwa mke wa kwanza hutuma salamu kwa shemeji. Yuko anayesema waziwazi, sikutaki na sikuachi, utazeekea humo. Yuko anayekubali kuacha kwa sharti la kurudishiwa mahari, na juu yake gharama za ukumbi, pilau na gari la maharusi, hesabu ambayo anajua mke hawezi kuilipa. Mke akienda kwao huambiwa, mwanangu vumilia, ndoa ni stara. Stara gani hiyo, ikiwa amekaa miaka mitatu bila ya matumizi na bila ya mtu wa kumuuliza, umekula?

Siku moja anatokea mtu anayemuuliza swali hilo. Hatuhalalishi kitakachofuata. Zina ni zina, na Mwenyezi Mungu amekataza hata kuikaribia. Anna alitenda dhambi, nasi hatutapamba dhambi kwa sababu imevaa gauni la hariri. Lakini mwenye kuziba mlango wa halali wa nyumba, kisha akashangaa kuona mtu anaruka dirisha, naye ana swali lake la kujibu mbele ya Mola.

Kwa nini haya yamezidi hapa mjini? Sababu moja iko mbele ya macho yetu. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma, na wazee walikaa barazani kuanzia Alasiri. Mume aliyemtesa mkewe alipita mbele yao kila siku, na aliulizwa. Nyumba hizo zimeuzwa, yamepanda maghorofa ya maduka na stoo za mizigo, na familia zimetawanyika Chanika, Mbagala na Bunju. Mali imeongezeka, waamuzi wametoweka. Aya ya 35 ya Suratun Nisaa inahitaji watu wa jamaa za mume na watu wa jamaa za mke, nao leo wanapatana kwa simu, kama salio lipo.

Njia zilizopo

Kwa hiyo, mwenye shida hii afanye nini? Kwanza, ndoa iwe na cheti. Wapo wanaofunga ndoa mbele ya ustadhi na kula pilau, wakaishia hapo. Siku ya mgogoro mke hana karatasi.

Pili, matatizo yapelekwe kwa waamuzi wa pande mbili mapema, kabla mioyo haijakauka. Kikao kiwe na tarehe, makubaliano yaandikwe, na pande zote zitie saini. Ahadi ya mdomo ya kuleta matumizi husahaulika kabla ya mwezi kuandama.

Tatu, ijulikane sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume kumtunza mkewe, na inataka mgogoro upitie kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya ombi la talaka kwenda mahakamani. Baraza likishindwa kusuluhisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Kwa ndoa za Kiislamu, sheria hiyo inatambua kwamba baada ya baraza kushindwa, kitendo kinachovunja ndoa kwa sharia ya Kiislamu ni msingi wa mahakama kutoa amri ya talaka. Mahakama ya Mwanzo inaweza kulisikiliza shauri. Mke hana haja ya kuogopa majengo makubwa. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Mahakama za Kadhi, na Wakenya pia, na huko mke huenda moja kwa moja kwa kadhi.

Kuhusu watoto, mama asitishwe kwamba akiachwa atawapoteza. Sheria yetu inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni bora awe na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Na Mtume (s.a.w) alimwambia mama aliyetaka kunyang'anywa mwanawe kwamba yeye ana haki zaidi naye maadamu hajaolewa na mume mwingine. Watoto wetu hawahitaji kuambiwa kwamba mama zao wamekufa.

Nne, tunazisemesha kamati zenzetu za misikiti. Kila kamati iwe na siku maalumu ya kusikiliza mashauri ya ndoa, na iwe na mama mmoja au wawili wenye elimu na siri, kwa sababu yako ambayo mke hataweza kuyasema mbele ya wanaume watano waliokaa kwenye mkeka. Mume akiitwa mara tatu akakataa, aandikiwe, na nakala apewe mke aende nayo barazani. Kamati isiyofanya hivyo inabaki kuwa ya kukusanya michango ya rangi na mazulia.

Upande mwingine wa kisa

Ingekuwa dhulma kuufunga mjadala huu bila kumtaja Levin. Riwaya ya Tolstoy ina ndoa nyingine, ambayo watengeneza filamu wengi huipitia haraka. Levin ni mwenye shamba, mtu wa aibu, aliyekataliwa na Kitty mara ya kwanza. Anarudi shambani, anafanya kazi na wakulima wake, anatulia, na baadaye anaposa tena na kukubaliwa. Ndoa yao ina wivu, ina ugomvi wa jikoni, ina mgonjwa wa kuuguza, na ina mtu anayemtafuta Mungu katikati ya kazi zake mpaka anapata utulivu. Wasomaji wa Shaaban Robert watamkumbuka Utubora, aliyeacha kazi ya mshahara akarudi kulima. Mapenzi ya Levin na Kitty hayana muziki mkubwa, lakini asubuhi yanakuwapo bado.

Mabinti zetu wakiuliza mapenzi ni yapi, tuwaonyeshe hayo. Na wana wetu wakiuliza uanaume ni upi, tuwaambie kwamba Qur'ani imetupa njia mbili tu katika ndoa, kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani, na kwamba njia ya tatu, ya Karenin na Taher Pasha, haimo katika kitabu chetu.

Mwaka 1927 ilipotengenezwa filamu ya Kimarekani ya kisa hiki, iliyoitwa "Love", ilipewa miisho miwili, na majumba ya sinema ya Marekani yaliweza kuchagua ule ambamo Anna haendi relini na wapenzi wanakutana tena. Wenye filamu wanaweza kubadili mwisho kwa mkasi. Sisi hatuna mkasi huo. Tuna waamuzi wa pande mbili, tuna mabaraza, na tuna wanawake wanaopiga hodi Alasiri. Tuwafungulie.

Wabillahi tawfiq.